Ukurasa wa Jamaa: Kikapu cha mama mja mzito



Desturi ya wamama kukusanyika kwa ajili ya mwenzao aliye karibu kujifungua ni desturi njema, nasi twaisifu. Huku kwetu Kivu, shirika likipata habari kwamba mimba ya mama fulani imekua, wamama hupanga siku na kumwendea nyumbani kwake. Mmoja huleta sabuni, mwingine vitambaa vya kumfunika mtoto, mwingine unga wa uji au ndagala. Husali, huimba, hutoa mashauri, kisha hula pamoja. Mama aliyeogopa peke yake jana, leo ajua kwamba ana watu.

Lakini siku hizi twaona jambo la kusikitisha. Katika miji, mikutano mingine imeanza kugeuka mashindano. Hutakiwa vitenge vya namna moja, keki, viti vya kukodi na mpiga picha. Mwenye nyumba hukopa ili wageni wasimcheke. Wageni nao huandika katika daftari nani ametoa nini, wapate kurudishiwa zamu yao ikifika. Likelemba ni kitu chema sokoni, lakini zawadi ya mama mja mzito si likelemba. Sherehe ikiisha, deni hubaki. Na uchungu ukimshika usiku, hakuna hata franka za kulipa pikipiki. Je, hiyo ndiyo heshima?

Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiobeba, twauona mwepesi. Kumheshimu mama mja mzito ndiko kuushika mzigo wake upande mmoja, ili ausikie umepungua.

Tutazame Injili ya Mtakatifu Luka. Bikira Maria aliposikia kwamba Elizabeti, mwanamke mzee, yu katika mwezi wa sita, alikwenda kwa haraka mpaka nchi ya milima. Hakukaa saa moja na kurudi kwake. Alikaa kama miezi mitatu. Sita na tatu ni tisa: alikuwako katika miezi iliyo mizito kuliko yote. Furaha ya majirani na jamaa Luka aiweka baadaye, mtoto alipokwisha kuzaliwa. Kwanza msaada, kisha sikukuu.

Wataalamu wa afya nao wafundisha jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1994 wawili wao, Thaddeus na Maine, walieleza kwamba mama wengi hufa kwa sababu ya kukawia kwa namna tatu: kukawia kukata shauri, kukawia kufika hospitalini, na kukawia kupata matunzo baada ya kufika. Ya tatu ni kazi ya waganga na serikali. Lakini zile mbili za kwanza hukaa nyumbani na njiani, na hapo ndipo wamama wa shirika wanapoweza kusaidia.

Tena, mwaka 2013 jarida la waganga liitwalo The Lancet lilitangaza uchunguzi uliokusanya majaribio 7 yaliyofanywa Bangladesh, India, Malawi na Nepal. Huko wanawake walikutana mara kwa mara, wakazungumza juu ya shida za uzazi, wakatafuta dawa yake wao wenyewe. Mahali ambapo angalau wajawazito 30 katika kila 100 walihudhuria, vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa theluthi moja hivi. Tuangalie vema: wajawazito wenyewe waliketi katika mkutano. Basi mja mzito asiwekwe kitini kama sanamu ya kupambwa. Naye apewe nafasi ya kusema anachokiogopa.

Kwa hiyo twawashauri wamama, kabla ya sahani kugawanywa, waulize maswali manne, na kila swali lipate jina la mtu.

Kwanza: nani atamsindikiza kwa mkunga usiku, na kwa chombo gani?

Pili: watoto waliobaki nyumbani watalala kwa nani, na nani atawapikia?

Tatu: fedha za njia na za hospitali zimewekwa wapi, na nani aruhusiwa kuzitoa bwana wa nyumba akiwa safarini?

Nne: nani yu tayari kutoa damu? Maana kutokwa na damu baada ya kuzaa kwaua mama wengi kuliko ugonjwa mwingine wa uzazi.

Tena wamkumbushe kwenda kupimwa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mara 8, ya kwanza kabla majuma 12 hayajapita. Na akiona damu, au kichwa kikimwuma sana, au macho yakiona giza, au mtoto akiacha kucheza tumboni, asingoje kesho.

Sasa twafika kwenye neno gumu. Katika mtaa yuko msichana aliyekimbiwa na mwanaume, yuko mjane, yuko mama aliyekimbia vita akafika juzi na mkeka mmoja. Jina lake halimo katika daftari, maana hana cha kurudisha. Wengine husema: Tukimwendea msichana yule, tutakuwa tumesifu dhambi. Sivyo. Kumpeleka mtu kwa mkunga si kusifu kosa lake. Damu inayotoka haiulizi hati ya ndoa. Anayestahili kikapu cha kwanza ndiye asiyeweza kukirudisha.

Na ninyi waume, hamkualikwa katika mkutano huo, wala si vibaya. Lakini maswali yale manne ni yenu pia. Mwanaume anayetoa fedha za bia kila Jumamosi, asishindwe kuweka kidogo kidogo fedha za pikipiki kwa muda wa miezi tisa.

Keki si dhambi, na wimbo ni mzuri. Ila mkutano ukivunjika, kila mmoja ajiulize njiani: Nimemwondolea mwenzangu mzigo gani? Mwenye jibu amemheshimu mama kweli. Asiye nalo, bado ana nafasi: arudi kesho, abishe hodi, amtekee maji.