Jenereta ndogo na gari la umeme

Mhariri,

Wenye magari ya umeme wanaotegemea jenereta ndogo wanastahili kuelezwa ukweli. Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, ikiunganishwa na jenereta ya kilowati 2, huhitaji zaidi ya saa 20 kujaa kutoka sifuri.

Tena magari mengi hugoma kupokea chaji, kwa kuwa jenereta hizo mara nyingi nyutro yake haijaunganishwa na ethi.

Hatari kubwa zaidi ni moshi. Kaboni monoksidi iliyomo ndani yake haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya gereji wala karibu na dirisha.

Kwa dharura, saa mbili za kuchaji huipa Leaf takriban kilomita 20. Wauzaji wawaeleze wateja haya kabla hawajalipa.

Msomaji, Nairobi