Lisemwalo Halipo

Ipo methali moja ambayo, laiti ningekuwa na mamlaka hayo, ningeifuta katika vitabu vya shule: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nimeisikia ikitumika msibani, sokoni na, Mungu atusamehe, katika kikao cha wazee wa kanisa, na kila mara kazi yake ni ile ile, kumfunga mdomo mtu aliyethubutu kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Ukiuliza hivyo unajibiwa kwa methali, na methali kwetu sisi ni hukumu isiyokatiwa rufaa.

Hebu msomaji itazame vizuri. Jambo likiwapo, mchongezi ameshinda. Lisipokuwapo, eti laja, na mchongezi ameshinda tena. Yule aliyesemwa hana mlango wa kutokea.

Wazee wa Dar es Salaam wanamkumbuka mumiani. Ilisemwa kwa miaka mingi, na si hapa tu bali hata Kenya na Uganda, kwamba wako watu wanaokamata wenzao usiku na kuwatoa damu, na kwamba wazimamoto ni miongoni mwao. Watoto waliliogopa gari lao jekundu kuliko moto wenyewe. Waliosema hayo hawakuwa wendawazimu. Walikuwa watu wazima wenye akili zao, na walikuwa wengi. Mwaka 1959, kule Buguruni, uvumi huo ulizaa ghasia na askari polisi akauawa. Mumiani hakuwapo, wala hakuwa njiani, wala hajafika hadi leo. Kituo cha mabasi cha Barabara ya Morogoro kingali kinaitwa Fire, na watu hupanda na kushuka hapo kila siku bila kupungukiwa na tone la damu. Lililosemwa halikuwapo na halikuja. Kilichokuja ni maiti.

Kutoka kituo hicho hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu, na Kariakoo ndiko ninakotaka kufika, kwa sababu huko jina la mtu lina bei. Pamoja na maghorofa yake yote, biashara ya Kariakoo bado imesimama juu ya neno. Mfanyabiashara mdogo huchukua mzigo kwa mwenye duka la jumla bila kulipa, au kwa kulipa nusu, akauze, kisha arudishe fedha baada ya siku chache. Jambo hili huitwa mali kauli. Hakuna hati wala mwanasheria. Dhamana ni uaminifu wake unaojulikana mtaani. Akina mama nao huchezeana upatu kwa dhamana hiyo hiyo. Kwa hiyo anayemzulia mama muuza vitenge hakumwaibisha tu, amembebea mtaji. Tofauti yake na kibaka ni kwamba kibaka akikamatwa Kariakoo hupigwa hata kuuawa, ilhali huyu hukaribishwa chai.

Namfahamu mama mmoja, msharika mwenzetu, aliyekuwa na kibanda cha vitenge karibu na Mtaa wa Congo. Alikuwa na bahati ya wateja, na bahati kwa jirani ni jambo gumu kulimeza. Mwezi mmoja majirani wawili wakaona fedha zao hazitimii. Mmoja akanong'ona neno ambalo kila mtu wa Kariakoo analijua: chuma ulete. Kwa asiyelijua, ni imani kwamba mtu anaweza, kwa uchawi, kuzifanya fedha za droo ya mwenziwe zihamie kwake. Noti unayomlipa ikirudi dukani kwako, eti hurudi kubeba wenzake.

Mwenye duka la jumla akaanza kumwambia mama yule, kwa adabu sana, "Mzigo umeisha, dada yangu." Upatu ukawa umejaa. Wateja wakapita upande wa pili wa njia. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kitu usoni, na hapo ndipo ukatili ulipo, kwani angejibu nini, na angemjibu nani? Mtu akidaiwa ameiba ataomba mfuko wake upekuliwe. Anayedaiwa chuma ulete hana mfuko wa kupekuliwa. Akikana, ndivyo wachawi wanavyokana, akilia, ni majuto, akinyamaza, amekubali.

Nilifundisha hesabu miaka mingi, na naweza kutaja sababu kadhaa za droo kupungua ambazo hazihitaji jini: chenji iliyozidi, mkopo usioandikwa, shemeji aliyepita asubuhi, fedha ya ada iliyochomolewa bila kukumbukwa, kijana wa dukani. Na kweli, baada ya miezi kadhaa jirani mmoja aligundua kwamba kijana wake alikuwa akiuza mzigo pembeni. Akamfukuza. Lakini nani alifunga safari kwenda Mbagala, ambako mama yule alikuwa sasa akikaanga mihogo, ili amwambie? Hakuna.

Wala asinicheke mtu wa mjini kwamba hayo ni mambo ya droo na vitenge tu. Neno lile lile ndilo lililowamaliza bibi zetu huko Usukumani, ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa sababu walikuwa wamepikia katika moshi umri wao wote. Hesabu za serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha zaidi ya watu 3,600 waliouawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa wachawi, na walio wengi walikuwa wanawake. Kila mmoja wao alianza kwa kusemwa.

Sasa nije kwetu, maana shabaha yangu si soko. Habari ilipofika kanisani ilikuwa imekwisha kuvaa kanzu. Katika jumuiya ya nyumba kwa nyumba mama mmoja alisema, kwa sauti ya upole kabisa, "Wapendwa, tumwombee dada yetu. Kuna roho inamfuatilia katika biashara yake." Wote wakainama na kuomba, na walipoinuka kila mmoja alikuwa na habari ya kupeleka nyumbani. Siku hizi ombi la namna hiyo husafiri kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na kabla ya chakula cha jioni limefika Kimara na Kigamboni. Naliita jambo hili kwa jina lake: ni kusengenya kwa kupiga magoti.

Na mama mwenyewe alipowaendea wazee, waliambiwa wachongezi waache? La hasha. Aliambiwa yeye: "Nyamaza, mama. Mwachie Mungu. Hata Bwana Yesu hakujibu."

Hapo ndipo ninapogomba. Bwana Yesu alinyamaza mbele ya Herode, aliyetaka kuonyeshwa mwujiza kama mtu anayetaka mchezo. Lakini nyumbani kwa Anasi, alipopigwa kofi, hakunyamaza. Alimtaka yule mtumishi aonyeshe ubaya uliosemwa uko wapi, na kama haupo, aeleze kofi lilikuwa la nini. Soma Yohana 18. Kudai ushahidi ndiko huko. Paulo naye alijibu mashtaka moja moja mbele ya Feliki, na mbele ya Festo akakata rufaa kwa Kaisari. Sehemu kubwa ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho ni mtu anayetetea jina lake, wala hakuona haya. Aliyenyamazishwa kabisa ni Nabothi. Mashahidi wawili wa uongo walisimama, hakuna aliyewahoji, akapigwa mawe, na shamba lake la mizabibu likaenda kwa Ahabu. Katika mkutano ule, Biblia inasema, wazee wa mji walikuwapo.

Amri yenyewe, ya nane kwetu Walutheri na Wakatoliki, ya tisa kwa ndugu zetu Waanglikana, inatumia neno la mahakamani: ushahidi. Penye shahidi pana mwamuzi, na katika masengenyo mwamuzi ni yule anayesikiliza. Kumbukumbu la Torati 19 inawaagiza waamuzi wachunguze kwa bidii, na shahidi akionekana mwongo, apewe adhabu ile aliyomkusudia mwenziwe. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ambayo vijana wetu huikariri kwa ajili ya kipaimara, haishii kukataza uchongezi. Anatutaka tumtetee jirani na kulichukua jambo lake kwa upande ulio mwema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakwenda mbali zaidi, inadai aliyeharibu jina la mwenziwe alipe, yaani atengeneze alichokibomoa. Tunakariri, tunawekewa mikono, kisha tunamwambia mama anyamaze.

Wapo watakaouliza: je, kama neno ni la kweli? Basi Mathayo 18 imekwisha kujibu. Nenda kwake mwenyewe kwanza, ninyi wawili, asiposikia, chukua mmoja au wawili, kisha kanisa. Sisi tumeigeuza ngazi hiyo juu chini, mwenyewe ndiye anayesikia mwisho. Na niseme jambo jingine waziwazi, kwa kuwa najua viongozi watakaolifurahia somo hili kwa sababu zao: kuuliza hesabu za sadaka si kusengenya. Mtoto anayesema ametendewa uovu na mtu mzima hasengenyi. Huyo apelekwe polisi siku hiyo hiyo, tena bila kuwangoja wazee. Uchongezi ni lile neno linalosemwa kila mahali isipokuwa mahali ambapo lingeweza kuchunguzwa.

Katika sharika zetu upo utaratibu wa kutengwa na kurudi kundini. Binti akishika mimba nje ya ndoa hutengwa, na siku ya kurudi husimama mbele ya watu wote, macho chini, ndipo apokelewe tena. Siitetei zinaa. Lakini katika miaka yote niliyokaa kwenye mabenchi hayo sijaona hata Jumapili moja mchongezi akisimamishwa pale kwa uchongezi wake. Amri ya sita ina nafasi yake mbele ya madhabahu, amri ya nane haina hata kigoda.

Wale walioomba jioni ile wanajulikana, na neno walilolipeleka nyumbani linajulikana. Baadhi yao huimba kwaya ya akina mama. Mchungaji akiamua kuwaita mbele, mimi nitakuwa benchi la tatu kutoka mlangoni, na nauli ya kumleta yule mama kutoka Mbagala, aje asikie kwa masikio yake, nitalipa mwenyewe.