KITI KILE KISIOZEE STOO

Iwapo umewahi kupita nyuma ya karakana ya useremala, bila shaka umeona dude kubwa lililofunikwa turubai kuukuu. Wengine husema ni jenereta. Wengine, ati ni kiti cha daktari wa meno! La hasha. Hicho ni kiti cha matatu kilichofungwa mota mbili, usukani na pedali, ambacho kikiunganishwa na kompyuta humrusha na kumyumbisha dereva kana kwamba yumo ndani ya gari la mashindano. Kilijengwa na wanafunzi kumi na mmoja wa Klabu ya Sayansi, nami nikiwa miongoni mwao, katika muhula wa kwanza na wa pili. Muhula wa tatu ulipoanza kikapigwa marufuku. Sababu tuliyopewa ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi: shule si mahali pa gemu. Sasa kuna fununu kwamba vyuma vyake vitauzwa kwa kilo. Ninaandika kupinga jambo hilo, na ninawaomba walimu wetu wapendwa wanisome hadi mwisho kabla ya kuchukua ile kalamu nyekundu.

Kwanza tulizungumzie neno lenyewe, gemu. Sikatai kwamba kuna wenzetu ambao likizo nzima huishia kwenye vibanda vya michezo, sarafu mkononi, macho mekundu kama pilipili. Huo ni upotevu wa wakati na sina la kuutetea. Lakini anayecheza na anayejenga si ndugu. Katika miezi mitano ya kazi yetu, mchezo wenyewe tuliufungua labda mara nane, na mara nyingi ilikuwa tu kuona kama nambari zinafika kwenye mota. Muda mwingine wote ulikwenda katika kupima, kukata, kuchomelea, kukokotoa na kubishana. Ama tuseme kubishana ndiko kulikotuchukulia muda mwingi zaidi.

Tena, si mara ya kwanza duniani kwa kiti cha namna hii kuchekwa. Huko Binghamton, katika jimbo la New York, Marekani, kulikuwa na kijana aliyeitwa Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza piano na vinanda vikubwa vya mivukuto. Link alitamani kujifunza urubani, lakini masomo ya ndege yalikuwa ghali mno. Basi akachukua mivukuto na pampu za vinanda vya baba yake, akajenga kindege kifupi kisichoondoka chini, ambacho kiliinama na kugeuka kila rubani aliposogeza usukani. Kufikia mwaka 1929 kifaa kilikuwa tayari. Je, shule za urubani zilikikimbilia? Hata! Walionunua mwanzoni walikuwa hasa wenye viwanja vya starehe, ili watoto walipe wapande. Kilionekana kitu cha kuchezea. Kisha mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wake wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine katika ukungu na dhoruba, kwa kuwa hawakuzoea kuendesha kwa kutazama vipimo peke yake. Mwaka huohuo jeshi likanunua vifaa sita vya Link. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, maelfu kwa maelfu ya marubani walipata mafunzo yao ya kwanza ndani ya kile kilichoitwa kitu cha kuchezea.

Sasa niingie katika kiini cha hoja yangu. Ninadai kwamba hakuna kifaa katika maabara yetu kinachofundisha fizikia kwa nguvu kama kiti kile, na sababu yenyewe ni hii: kiti ni mwongo, na ili udanganye vizuri sharti uujue ukweli barabara.

Fikiria. Gari la kweli likiondoka kwa kasi, mgongo wako hugandamizwa kwenye kiti. Kiti chetu hakiendi popote. Kimefungwa kwenye fremu yenye upana wa meza ya walimu. Mgongo utagandamizwa na nini? Jibu ni uzito wako mwenyewe. Ndani ya sikio mna mirija mitatu iliyopinda yenye majimaji, ambayo huhisi kichwa kinapozunguka. Pembeni yake mna viungo viwili vyenye vijiwe vidogo mno, ambavyo huhisi mvuto wa dunia na pia kuongezeka au kupungua kwa mwendo. Vijiwe hivyo vina udhaifu mmoja: haviwezi kutofautisha kulala nyuma na kusukumwa mbele. Ukimlaza mtu nyuma kidogo, na skrini iliyo mbele yake ikainama pamoja naye, macho husema gari limeondoka, sikio husema naam, hata mimi nimehisi, na ubongo huamini. Ndiyo maana tulifunga skrini kwenye fremu ileile ya kiti. Mara ya kwanza tuliiacha juu ya dawati, na kila aliyepanda alisema anahisi kama yuko kwenye kiti cha kinyozi.

Hesabu yake ni ya darasani kabisa. Mvuto wa dunia ni 9.8. Uzidishe kwa saini ya pembe ya mwinamo. Kiti chetu huinama nyuzi 10, na saini ya nyuzi 10 ni takriban 0.17, kwa hivyo dereva huhisi mwongezeko wa kasi wa 1.7 hivi. Gari likifunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu hupunguza mwendo kwa kiasi cha 8. Maana yake tunatoa karibu sehemu moja tu kati ya tano za ukweli. Nilipoonyeshwa hesabu hiyo nilivunjika moyo. Lakini dada mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wetu mkuu wa hesabu, alisema jambo ambalo sijalisahau: "Si lazima umpe mtu mzigo wote ndipo ajue ni mzito. Mwonyeshe tu unavyoanza kuinuliwa." Na kweli, mwili hujali zaidi badiliko kuliko kiasi. Ule mstuko wa kwanza wa breki ukifika kwa wakati wake, macho humalizia hadithi.

Wakubwa wa kazi hii wanalijua hilo. Mashine za kufunzia marubani wa leo husimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika. Mpango huo mhandisi Eric Gough aliutumia kupima matairi katika kiwanda cha Dunlop huko Uingereza miaka ya 1950, na mwaka 1965 mwenzake aliyeitwa Stewart akaandika juu ya kuutumia kwa mafunzo ya urubani. Mashine hizo humsukuma rubani haraka, kisha humrudisha katikati polepole mno, asihisi kwamba amerudishwa, ili pawepo nafasi ya kumsukuma tena. Ni ulaghai wa hali ya juu! Sisi wa mota mbili twafanya uo huo kwa kiwango cha jikoni.

Na jikoni si neno la mzaha. Mota zetu ni za waipa, zilizotolewa katika magari mabovu na kununuliwa kwa shilingi 1,500 kila moja huko Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambako mwenye subira hakosi kipuri. Kiti kimekaa juu ya kiungo cha propela, kile kinachopinda pande zote. Chini ya makalio ya dereva tulifunga sabufa iliyopasuka kasha, na ninaapa kwamba kwa barabara ya mawe sabufa ile ina kazi kuliko mota zote mbili. Ubongo wa mashine ni kadi ndogo ya elektroniki iitwayo Arduino, iliyobuniwa huko Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi kama sisi. Baadhi ya michezo ya magari, DiRT Rally ukiwa mmojawapo, hutoa nambari zinazoeleza gari linafanya nini mara nyingi katika kila sekunde, yaani kufumba na kufumbua. Kadi huzipokea, hutazama mkono wa mota uko wapi kwa msaada wa kidude kama kile cha kuongezea sauti redioni, kisha huamua isukume kiasi gani. Ni sawa na mama anayeonja mchuzi na kuongeza chumvi kidogo kidogo. Chumvi ikipungua, kiti huchelewa na dereva hutapika. Ikizidi, kiti hutetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Mzee aliyetuchomelea fremu, fundi wa jua kali hapa sokoni, alitazama mchoro wetu akauliza, "Vijana wangu, hiki kitu kinataka kwenda mrama?" Tukacheka. Kisha yeye, aliyekulia Pwani, akatueleza kwamba mrama ndiko kuyumba kwa chombo baharini. Tangu siku hiyo mwongozo wa mashine, ambao niliuandika kwa Kiswahili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa tisa, unatumia neno mrama kwa ile mota ya kushoto na kulia. Chama hiki cha Kiswahili kiniambie kama kuna zoezi la msamiati lililo bora kuliko hilo.

Wapo wanaotutetea kwa hoja ambazo mimi sizikubali. Wanasema kiti kitapunguza ajali barabarani, kwamba kila mwanafunzi akikipanda atakuwa dereva mwangalifu. Asanteni kwa nia njema, lakini hilo si kweli, na hoja ya uongo itatuumbua mbele ya walimu. Kiti hiki hakijui mtembea kwa miguu, hakijui bodaboda anayekata kona bila taa. Ukigonga mti unabonyeza kitufe, unaanza upya. Jambo la hatari kama nini kwa anayedhani amejifunza udereva! Kuna kijana wa Uingereza, Jann Mardenborough, ambaye mwaka 2011 alishinda mashindano ya mchezo wa Gran Turismo na akaja kuwa dereva wa kweli wa magari ya mbio. Lakini baina ya mchezo na mbio alifunzwa ndani ya magari halisi. Kiti si shule ya udereva. Ni shule ya kujenga kiti, na hiyo yatosha.

Wapo pia wanaosema kama ni lazima, shule inunue kilicho tayari. Hii ndiyo rai inayonikera kuliko zote. Kilicho tayari kitakuja kimefungwa, kina kifuniko chenye maandishi ya kukataza kufunguliwa, na kikiharibika kitawekwa stoo kando ya hicho chetu, na safari hii kwa haki. Tulipojua namna ya kupanga chumvi ya mota, tulijua kwa sababu zilituunguzia fyuzi tisa. Kanuni za Newton nilizikariri mwaka mzima. Siku nilipoona kiti kikinirudisha nyuma kwa nguvu ileile niliyokisukumia, ndipo nilipozielewa.

Hofu ya hatari ninaiheshimu. Volti 12 hazimuui mtu, lakini gia ya mota ya waipa haiulizi kilichomo njiani ni chuma au kidole. Kwa hiyo tuliweka kitufe kikubwa chekundu cha kukata umeme mara moja, tukazingira mikono ya mota kwa wavu wa kuku, na tukaandika sheria kwamba asiyekuwa kitini asimame nyuma ya mstari wa chaki. Ikiwa hayo hayatoshi, mwalimu aje aseme linalopungua. Kukatazwa kwa sababu ya kosa linaloonekana ni jambo tunaloweza kulirekebisha. Kukatazwa kwa sababu ya neno "gemu", tutarekebisha nini?

Jamani, tunaishi katika nchi ambayo Safari Rally ilianza mwaka 1953. Joginder Singh aliishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Mwaka 2021 iliporudi katika mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, watazamaji wa bonde la Naivasha walijipanga kando ya vumbi kutazama magari yakipita. Kutazama tunajua sana. Magari yale yalijengwa kwingine.

Ombi letu ni dogo. Tupewe saa mbili kila Jumamosi alasiri, na mwalimu mmoja wa kutusimamia. Atakayetaka kupanda kiti aandike kwanza kwenye karatasi hesabu ya pembe na mwongezeko wa kasi. Asiyeweza hapandi, hata awe kiranja. Mchezo uwe mmoja tu, wa kujaribia mashine, na kompyuta ifungiwe ofisini baada ya kazi. Mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule yakifika ngazi ya kaunti, tuende na kiti na mwongozo wetu wa kurasa tisa, waamuzi waseme wanavyoona.

Mota ya tatu, ya kusukuma nyuma ya kiti kushoto na kulia ili dereva ahisi gari linapoteleza mkia, tulikwisha kuinunua kabla ya marufuku. Imo ndani ya sanduku langu bwenini, imefungwa kwa gazeti.