HESABU YACHELEWA, KIBARUA ANYIMWA MSHAHARA

Ndugu Wafanyakazi,

Kwa majuma mengi sasa twasikia neno moja tu kutoka kwa matajiri wa kiwanda kimoja cha wilbaro hapa mjini: "Hesabu haijatoka." Vibarua wafika langoni saa moja asubuhi. Mnyapara atoka nje mikono mitupu, asema hesabu haijatoka, ngojeni. Wangoja mpaka saa tatu, saa nne, halafu waambiwa warudi nyumbani, leo hakuna kazi wala malipo. Nauli ya kuja na ya kurudi ni yao wenyewe.

Tukauliza, ni hesabu gani hiyo? Na ikichelewa, mbona anayelipa ni kibarua?

Twataka kila memba aielewe, kwa maana matajiri hupenda kutuambia kwamba mambo ya kompyuta ni ya wataalamu. Si uganga. Hesabu hiyo huitwa M.R.P., yaani kupanga mahitaji ya vifaa. Ilianza Marekani katika miaka ya 1960. Kampuni ya Black & Decker iliitumia mwaka wa 1964, na Bwana Joseph Orlicky, aliyekuwa mtu wa IBM, akaiandikia kitabu mwaka wa 1975. Kazi yake ni hii. Tuseme imekuja oda ya wilbaro 400. Kila wilbaro yataka gurudumu moja, basi yatakiwa magurudumu 400. Stoo yako 150, na mengine 100 yameagizwa, yako njiani. Ya kununua ni 150. Ikiwa muuzaji huchukua siku 12 kuyaleta, kompyuta yarudi nyuma siku 12 na kusema: agizeni tarehe fulani. Kwa fremu, ambayo twaitengeneza wenyewe, yashuka chini zaidi: paipu ngapi, rangi kiasi gani. Makarani wa zamani walifanya hivyo kwa penseli. Kompyuta yafanya kwa maelfu ya vifaa usiku mmoja.

Sasa matajiri wasema usiku mmoja hautoshi. Ati kompyuta imezeeka, lazima inunuliwe nyingine kubwa, na ili ipatikane pesa makarani wa stoo wapunguzwe. Hapo ndipo tunapokataa.

Katika programu hizi ziko njia mbili za kuendesha hesabu. Moja ni kufuta mpango wote wa jana na kuanza upya, kifaa kwa kifaa, hata kile ambacho hakikuguswa tangu Krismasi. Ya pili ni kuhesabu vile tu vilivyobadilika: oda mpya imeingia, mali imetoka stoo, muuzaji amebadili siku. Programu huweka orodha ya kila kilichoguswa, na usiku hupitia orodha hiyo peke yake. Jambo hili si geni, Orlicky alilieleza katika kitabu chake. Lakini kiwanda hiki chatumia njia ya kwanza kila usiku wa Mungu! Tulipouliza sababu, tukajibiwa kwamba fundi aliyeileta programu ndivyo alivyoiweka, naye alikwisha ondoka. Kwa ajili ya fundi aliyeondoka watu wakose unga?

Hesabu nzima na ifanywe usiku wa Jumamosi, kiwanda kimelala. Siku nyingine ihesabiwe mabadiliko tu.

Tuseme kweli juu yetu pia. Njia hiyo ya pili yataka kila kinachotoka stoo kiandikwe siku ile ile, na wako wenzetu wanaoandika mali ya Jumatatu siku ya Ijumaa. Si vizuri. Lakini karani mmoja aliyeachiwa dirisha mbili na lori langoni, ataandika saa ngapi? Matajiri waliowapunguza makarani mwaka jana ndio hao hao wanaolia leo kwamba vitabu havikuandikwa.

Linalotuudhi zaidi ni takataka iliyomo ndani ya hesabu. Iko wilbaro ya mtindo wa zamani ambayo haitengenezwi tena, na kila usiku kompyuta yaifungua, yashuka mpaka kwenye rangi yake, yatafuta bolti zake. Ziko oda za kununua kutoka kwa muuzaji aliyekwisha funga duka. Kompyuta haijui kwamba amefunga. Yaamini magurudumu 100 yako njiani, basi haiagizi mengine, na siku ya kazi ikifika magurudumu hayapo. Halafu nani apewa barua ya onyo? Karani wa stoo! Naye ndiye aliyesema zamani kwamba oda ile imekufa, akajibiwa kwamba hana ruhusa ya kuifunga.

Tena bolti na nati zaingizwa katika hesabu hiyo moja moja, kama kwamba ni injini. Kila mtu wa stoo ajua dawa yake: weka masanduku mawili, la kwanza likiisha agiza, huku watumia la pili. Kifaa cha bei ndogo kinachotumika kila siku hakihitaji kukesha na kompyuta. Tena mpango wapigwa mpaka miaka miwili mbele, na oda za kweli tulizo nazo ni za miezi michache. Oda hizo za kubuni za mwaka kesho kutwa zapangiwa hata saa ya kuingia kwenye mashini. Na mahitaji ya siku tano za juma, ambayo yangeweza kuwa oda moja, yatengenezewa oda tano. Juu ya hayo, saa sita ya usiku kompyuta ile ile yanakili kumbukumbu zote za ofisi, kazi mbili zagombea mlango mmoja. Programu yenyewe yaweza kugawa hesabu katika mafungu yaendeshwe pamoja, lakini hakuna aliyeiambia.

Hatupingi mashini mpya. Twajua kampuni ya SAP ya Ujerumani tangu 2015 yauza programu ya S/4HANA, ambayo huweka habari zote katika kumbukumbu ya haraka, na hesabu hii yaenda upesi kwelikweli. Lakini ikipewa oda zilizokufa na vitabu visivyoandikwa, itatoa jibu la uongo saa saba ya usiku badala ya saa tatu asubuhi. Basi itakuwa tumepoteza makarani na magurudumu bado hayapo.

Juu ya makarani, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yasema anayetaka kupunguza watu kwa sababu kazi yao haihitajiki aupe Chama cha memba wao na Afisa wa Kazi taarifa ya sababu na kiasi, si chini ya mwezi mmoja mbele. Hatujapata barua yo yote. Juu ya vibarua, kifungu cha 37: mtu aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja haitwi kibarua tena, mshahara wake ni wa mwezi. Wengi wanaorudishwa langoni wamepita mwezi huo zamani.

Barua yetu imepelekwa kwa Meneja. Twadai aliyefika saa moja alipwe siku yake, hesabu itoke isitoke. Twadai makarani wa stoo wapewe saa za kulipwa kila juma za kuhesabu mali na kusafisha orodha, pamoja na ruhusa ya kufunga oda zilizokufa. Na barua za onyo zilizotolewa kwa ajili ya magurudumu zirudishwe.

Makarani wote wa stoo wafike ofisi ya tawi Jumapili saa nne asubuhi. Kila mmoja alete orodha ya vifaa vilivyokufa anavyovijua katika stoo yake. Vibarua waliorudishwa langoni walete tarehe walizorudishwa, na kadi ya kazi kama wanayo.

Halmashauri ya Tawi