Mwalimu na Nduli wa Kampala

Wako miongoni mwetu Visiwani, wala si wachache, wanaoamini mpaka leo kwamba Mwalimu Nyerere alimkataa Idi Amin kwa sababu Amin alikuwa Mwislamu. Fikra hiyo haina msingi, na ni wajibu wetu kuisahihisha.

Amin alimpindua Rais Obote tarehe 25 Januari, 1971. Mwalimu hakuitambua serikali hiyo, akampa Obote hifadhi Dar es Salaam, na hakukubali kuketi meza moja na Amin hata katika mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1975, wakuu wa OAU walipokutana Kampala, Tanzania haikwenda. Serikali nyingi za Afrika zilijificha nyuma ya kanuni ya kutoingiliana mambo ya ndani.

Sasa tuulize: waliokuwa wakidhulumiwa Uganda ni kina nani? Jaji Mkuu Kiwanuka alikamatwa 1972 asionekane tena. Askofu Mkuu Luwum aliuawa 1977. Lakini miongoni mwa Waasia waliofukuzwa 1972 na kunyang'anywa mali zao walikuwamo Waislamu wengi, watu wa kibla kimoja na sisi. Tuliokaa chuoni mbele ya maalimu tulifunzwa kwamba dhuluma ni dhuluma, hata akiitenda mwenye kusali.

Hatusemi kwamba kila hatua ilikuwa ya busara. Shambulio la wafuasi wa Obote kutokea ardhi yetu, Septemba 1972, lilishindwa vibaya na likampa nduli kisingizio. Ikabidi kutafutwe mapatano Mogadishu. Hilo lilikuwa kosa, na kulikiri hakumpunguzii Mwalimu heshima yake.

Oktoba 1978 Amin mwenyewe aliivamia Kagera. Libya ilimpelekea askari, hawakufua dafu. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, 1979. Mwezi Julai, katika mkutano wa OAU Monrovia, waliokuwa kimya miaka minane walipata sauti ya kutulaumu sisi!

Vijana wa Unguja na Pemba walikuwamo katika safu za JWTZ. Waliobaki hai sasa ni wazee. Tunaziomba idara zinazohusika, wizarani na mikoani, zikaandike majina na simulizi zao, kijiji kwa kijiji, wala zisingoje siku ya maadhimisho.