Siri ya Mlalamishi ni Amana

Majengo ya Nairobi, katika Pumwani, ni makao ya Waislamu wengi tangu miaka ya 1920. Nyumba zake za zamani zilijengwa Kiswahili: ujia katikati, vyumba huku na huku. Ukikohoa ndani, jirani hukupa pole. Je, mke au mtoto aliyedhulumiwa apeleke wapi mashtaka yake bila ya mtaa kujua?

Wengine hukimbilia mashirika ya hisani. Nami nasema, kazi ya kwanza ya shirika si kugawa unga wala kutafuta wakili, ni kuhifadhi siri. Jina likivuja, mdhalimu hupata habari kabla ya polisi, na wengine walioonewa hunyamaza.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaagiza kwamba habari zikivuja na kumhatarisha mwenyewe, Kamishna ajulishwe katika saa 72. Lakini kwa mke alalaye nyumba moja na mdhalimu wake, saa 72 ni umri mzima. Basi kinga itangulie: faili iandikwe nambari badala ya jina, maswali yaulizwe faraghani, wala gari la shirika lisisimame mlangoni. Wajue polisi, daktari na hakimu, mtaa haumo.

Wako watakaoniambia dini imetuamrisha kusitiriana. Naam, lakini sitara hiyo ni ya aliyeumizwa, si ya muumizaji. Surat Nisaa, aya ya 148, yamtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kutangaza maovu. Yeye na aseme. Sisi tuliosikia tuchunge amana. Amana haigawiwi barazani.