Winga Naye Ataka Walii

Katika kabumbu hakuna anayependwa upesi na kusahauliwa upesi kama winga. Mali yake ni mbio, na mbio haziwekwi akiba. Hapa kwetu Bofu vijana wa namna hiyo hawakosekani. Ndiyo sababu napenda, ndugu msomaji, tuyatazame maisha ya winga mmoja wa jirani zetu Tanzania, Mrisho Ngassa.

Ngassa alizaliwa mwaka 1989. Babake, Khalfan Ngassa, naye alikuwa mchezaji wa sifa. Kijana huyu alipoupata mpira kando ya mstari, mlinzi alibaki kuisoma namba yake mgongoni. Mwaka 2009 alikwenda London kujaribiwa na West Ham, akarudi bila mkataba. Mwaka 2010 alitoka Yanga akaingia Azam, mwaka 2012 Azam ikampeleka Simba, na mwaka 2013 akarejea Yanga. Hapo pakazuka mzozo. Simba ilidai kwamba alikuwa amekwisha kutia sahihi kwake, na shirikisho la Tanzania likamfungia mechi 6 na kumtaka airudishie klabu hiyo shilingi milioni 45.

Wala ufundi haukuwa umemwishia. Mapema mwaka 2014, Yanga ilipokutana na Komorozine ya Komoro katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika, Ngassa alitia mabao 3 katika kila mechi kati ya mbili. Mwaka 2015 alikwenda Free State Stars ya Afrika Kusini, na mwaka 2016 Fanja ya Oman, kisha akarudi nyumbani.

Sasa mtazame Jesús Navas wa Uhispania, winga wa mbio kama yeye. Alipokuwa kijana, kukaa mbali na kwao kulimtia wasiwasi hata akawa hawezi kuichezea timu ya taifa. Hakufukuzwa. Sevilla ilimlea, taifa likamngoja, na mwaka 2010 alikuwamo uwanjani Uhispania ilipotwaa Kombe la Dunia. Aliaga mpira Desemba 2024, akiwa na miaka 39.

Najua Uhispania ina fedha tusizokuwa nazo. Lakini kuwa na mtu wa kukusimamia si jambo la utajiri, nasi twalijua vizuri. Binti wa Kiislamu haozwi bila ya walii na mashahidi wawili, na mahari hutajwa ikajulikana. Mbona basi kijana wa mpira tunamwacha aende peke yake kutia sahihi karatasi asiyoielewa, kwa kuwa ameonyeshwa noti chache?

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa hana miiko, na kijana maskini hawezi kungoja. Ni kweli njaa ipo. Lakini wahenga walisema pia: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya winga ni miguu miwili tu.

Kenya, Tanzania na Uganda zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na penye mashindano hapakosi wanunuzi wa wachezaji. Wazazi wenzangu wa Bofu, atakapokuja mtu kumtaka mwanao, mkaribishe kahawa, mwite mjomba na mtu anayeijua sheria, msomewe mkataba neno kwa neno. Ndipo kijana atie sahihi.